Kilio cha Tiva wa Mama Tshiela

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa wakazi wote wa Kolwezi, walio kazini na wasio na kazi, walioko majumbani na walioko stesheni juu ya magodoro yao, kwamba Bwana Tiva, maarufu kwa jina la Kapita, mume wa mke mmoja, mwenye koti jeusi na tumbo jeupe, mzaliwa na mkazi wa kudumu wa mti wa avoka katika ua wa Mama Tshiela, amefariki dunia asubuhi ya leo bila kuugua. Marehemu alikuwa tiva wa mwisho katika Kolwezi yote. Ameacha mjane, kiota, na taifa zima la wadudu ambalo halijatuma rambirambi. Kilio kiko nyumbani kwake. Wanaume waje na kuni.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti cha kwaya, mbele ya kanisa la kambi ya wafanyakazi, na Omer Kankolongo, mtu mrefu mwembamba aliyesoma chuo kikuu cha Lubumbashi hadi mwaka wa tatu kisha akakiacha, au kikamwacha, inategemea unamuuliza nani. Alilirudia kwa sauti ya puani, kama redio ya taifa inapotangaza kifo cha jenerali. Akina mama waliokuwa wakipita na mabeseni ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani walifanya ishara ya msalaba.

Sasa, ili mtu aelewe jinsi ndege mwenye uzito wa ndimu alivyopata heshima ambayo hata mabosi wa kampuni hawakuipata walipoondoka, ni lazima kwanza amjue Mama Tshiela, dada mkubwa wa Omer, na amjue kwa koo lake.

Tshiela alizaliwa hapo hapo Kolwezi, katika nyumba ya kampuni, kwa baba aliyeletwa na gari la moshi kutoka Kasai enzi za Wabelgiji kuja kuchimba shaba. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Alichojua ni kwamba baba yake aliisifu kila alipolewa, na kwamba mananasi ya kule, kwa maelezo ya mzee, yalikuwa makubwa kuliko kichwa cha askofu. Aliolewa na Nkongolo, dereva wa yale malori ya shimo la Mashamba ambayo tairi lake linampita mtu kimo, akamzika Nkongolo katika makaburi ya Kolwezi, akaendelea kukaanga mandazi na kuyauza mlangoni pa kiwanda mpaka hapakuwa tena na mtu wa kuingia kwa mlango huo.

Hayo yangeweza kuwa maisha ya mama yeyote wa kambi. Kilichomtofautisha ni kulia. Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba, wapo waliojaliwa miguu ya mpira. Tshiela alijaliwa kilio. Alikianza chini, kama lori linalopanda kutoka shimoni na mzigo, kikabadilisha gia, kikapinda kona, na kilipofika juu hata mbwa walikaa kitako. Hakuna aliyezikwa pale kambini bila sauti hiyo: Walunda, Wasanga, Waluba wa Kasai, Waluba wa kaskazini ya jimbo, Wakatoliki, Waprotestanti, hata karani mmoja mlevi ambaye mke wake mwenyewe alikuwa akificha kicheko kwenye kikwembe.

Watu walimzoea kiasi kwamba sauti yake ikipanda hawakuuliza. Mtu anaacha sufuria, anafunga kikwembe, anakimbia. Unafika, unakaa chini, unalia kidogo kwa heshima, unapokea kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho bila hicho msiba ni mkutano tu. Jina la marehemu utaliuliza baadaye, kwa kunong'ona, kwa aliyekaa karibu nawe. Kusimama mlangoni na kuuliza "nani amekufa?" ilikuwa ni kama kuchungulia sufuria za harusi kabla hujaamua kama utaingia.

Halafu nyakati zikaharibika. Kampuni ilianguka kama anavyoanguka mtu mnene, polepole, huku akimshika kila aliye karibu. Mashimo yakajaa maji. Mishahara ikawa habari ya kusikia. Wanasiasa, baada ya kutafuta kwa bidii ni nani aliyekula kampuni, waligundua kwa mshangao mkubwa kwamba si wao. Walikuwa ni watu wa Kasai. Basi watu wa Kasai warudi kwao, na wasiojua kwao ni wapi waelekezwe na vijana wa chama, waliopita mitaani wakiimba kwamba wanafagia bilulu, yaani wadudu. Majirani waliokopeshana chumvi tangu enzi za mzungu walianza kupitana kama milingoti ya umeme.

Stesheni ilijaa. Familia nzima zilikaa kwenye zege, chini ya maturubai, na viti vyao, cherehani zao na picha zao za komunio ya kwanza, zikisubiri gari la moshi ambalo lilikuja lilipojisikia. Mvua ilinyesha juu yao kama juu ya mtu yeyote. Gradi, mkwe wa Tshiela, alikuwa huko akiwashikia nafasi, amekalia godoro kama mfalme asiye na nchi. Joyeuse mke wake, binti pekee wa Tshiela, alibaki nyumbani na tumbo ambalo lilikuwa limeshashuka.

Tshiela hakuwa na ubishi na gari la moshi. Alikuwa ameshafunga sahani kwenye magunia. Jambo moja tu alilikataa, na alimwambia kila aliyetaka kusikia na wengi wasiotaka: mjukuu wake hatazaliwa kwenye zege la stesheni, kati ya cherehani na beseni la mtu mwingine. Azaliwe ndani ya nyumba, juu ya kitanda, kisha waende popote watakapopelekwa.

Kuhusu ndege, hakuna mengi. Tiva ni ndege wa vichakani, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayekula wadudu na kujificha kwenye majani kama mdaiwa. Dume hupiga mluzi kama kengele ya chini ya maji, na kabla hajafunga mdomo jike ameshajibu "kwee", upesi kiasi kwamba mgeni huapa kuwa ni ndege mmoja. Marehemu Nkongolo ndiye aliyempa jina la Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa kuwa, alisema, ana filimbi na hafanyi kazi.

Asubuhi ile Tshiela alikuwa uani anakanda unga alipokuja Banza. Banza alikuwa kiongozi wa vijana wa chama katika kambi, kijana wa kifua kipana na kofia iliyomzidi, na shingoni alivaa manati kwa sababu bunduki alikuwa bado hajapewa. Alisimama mbele ya beseni la unga, akakohoa.

"Mama Tshiela, mi natumwa. Hii nyumba inaombwa. Siku ya posho mukuwe mumetoka."

Siku ya posho ni Jumamosi, na Jumamosi haikuwa mbali. Tshiela alifuta mikono, akamweleza habari za tumbo la Joyeuse, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua ni la moto. Banza alisema wakubwa wameshasema. Tshiela akamwuliza kama wakubwa hao wana mama. Banza alisema wakubwa wameshasema. Ndipo Tshiela akamtazama vizuri.

"Banza, tata yako alipokufa, nani njo alimulilia?"

Banza alijua jibu, kambi nzima ilijua. Kilio kile cha baba yake kilikuwa kimewafikia mpaka watu wa Kingamyambo. Alifanya wanachofanya wanaume wasio na neno: alishika silaha. Kapita alikuwa akipiga mluzi wake juu ya avoka, kwa sauti, kana kwamba anashangilia swali. Banza alivuta manati, akafyatua kuelekea majani, bila shaka bila kutegemea chochote, maana hakuwahi kupata hata kopo. Siku hiyo alipata. Kapita alianguka moja kwa moja ndani ya beseni la unga, akawa mweupe pande zote.

Juu ya mti jike aliita "kwee". Akasubiri. Akaita tena.

Tshiela alimtazama ndege aliyelala kwenye unga wa mandazi. Alimtazama Joyeuse, aliyekuwa ametoka mlangoni ameshika kiuno. Alimtazama Banza na manati yake. Hakuna ajuaye lililopita kichwani mwake kwa utaratibu gani. Mwenyewe alisema baadaye kwamba ule mwito usiojibiwa ulimgusa mahali ambapo Nkongolo alikuwa amepaacha wazi. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akaanza.

Banza akamwambia ni ndege tu. Tshiela alibadilisha gia. Banza akamwomba, kwa sauti ndogo, anyamaze, watu watasikia. Lakini Tshiela alikuwa ameshapinda kona, na sasa alikuwa akimlilia Nkongolo, na baba yake aliyekufa akiota mananasi, na wote waliolowa kule stesheni, na hakukuwa na unafiki hata wa tone moja katika sauti ile.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Fidélie, jirani, mtu wa kaskazini ya jimbo na mkunga wa kambi, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Kwa wiki kadhaa alikuwa hamsalimii Tshiela, kwa sababu mume wake alimwambia si wakati mzuri. Aliruka ua wa miti kama msichana, akakaa chini, akashika sauti ya pili. Nyuma yake walikuja wengine, kwa lango, kwa uchochoro, kwa tundu la kuku. Banza alijaribu kutoka, akakutana nao mlangoni wakiingia, na mzee mmoja akamzuia kwa fimbo.

"We, kijana muzima, unatoka mu kilio mikono butupu?"

Wakamtia shoka mkononi. Banza aliingiza manati ndani ya shati, akaanza kupasua kuni.

Mtu fulani alikwishakata matawi na kuyalaza barabarani mbele ya nyumba, kama desturi, ili magari yapunguze mwendo na wapitao wanyamaze. Moto uliwaka. Mikeka ilitandikwa. Ndipo minong'ono ikaanza kutembea: nani? Joyeuse? Hapana, huyu hapa na tumbo lake. Gradi, kule stesheni? Mungu wangu, Gradi? Mama Fidélie aliona ni kazi yake kujua. Alimsogelea Tshiela, akainua kitambaa kilichofunika sahani aliyolazwa Kapita.

Alitazama kwa muda. Kisha akamtazama Tshiela, na Tshiela, bila kuacha kulia, alielekeza macho yake kwenye tumbo la Joyeuse. Mama Fidélie alikuwa amezalisha nusu ya kambi. Matumbo aliyasoma kama wengine wanavyosoma saa. Alirudisha kitambaa taratibu, akaweka mikono kichwani, akalia kuliko mwanzo.

Wengine waliogundua baadaye, na hatimaye wote waligundua, walikuta wameshachelewa. Walikuwa wamekaa. Walikuwa wamekunywa munkoyo. Kila mmoja alikuwa ameshamlilia mtu wake mwenyewe kwa makamasi ya kweli, na hakuna mtu mzima ambaye angesimama mbele ya majirani na kutamka kwamba amemlilia ndege. Heri kuendelea.

Omer alirudi kutoka stesheni, alikokuwa amempelekea Gradi chakula, akakuta dada yake amezungukwa na kambi nzima. Akamkimbilia, akaambiwa sikioni. Omer hakucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake ya juu. Aliona mara moja tatizo la kitaalamu: kilio cha ndege wa kawaida hakifiki jioni. Mtu mmoja atacheka, wa pili atamfuata, na Jumamosi itakuja kama ilivyopangwa. Marehemu alihitaji cheo.

Basi akasimama na kueleza. Mabingwa wa dunia, alisema, wamewapanga ndege wote kwa madaraja: kuna wasio na wasiwasi, kuna wanaokaribia kutishiwa, kuna walio hatarini, walio hatarini sana, na waliotoweka. Mzee mmoja aliuliza kama kuna madaraja hayo kwa watu. Omer alisema bado wanatafiti. Tiva, aliendelea, yuko kwenye daraja la kutisha kabisa, na huyu Kapita ndiye aliyekuwa amebaki katika Kolwezi yote. Kweli Omer alikuwa amewahi kufungua kitabu cha ndege kule chuoni. Alikiacha chuo kabla hajafika kwenye ukurasa unaosema kwamba tiva yuko kwenye daraja la kwanza, la wasio na wasiwasi wowote, na kwamba ukitikisa kichaka chochote kutoka hapo mpaka Angola atatoka mmoja akutukane.

Ndipo akaenda kuazima kipaza sauti.

Baada ya tangazo walikuja watu wa kambi nyingine. Walikuja waliojua na wasiojua, na waliojua walikuja mbio zaidi. Waliacha kupitana kama milingoti, maana kwenye kilio huwezi kuchagua wa kukaa naye: mkeka una nafasi, unakaa. Mtu wa Kasai alijikuta bega kwa bega na jirani aliyemwita mdudu wiki iliyopita, wanagawana karanga. Wazee walikaa upande wa moto wakisimulia maisha ya marehemu, na kila msimulizi alimwongezea sifa. Kufikia jioni Kapita alikuwa ameshawahi kufanya kazi Mashamba. Kwaya iliimba. Wasichana wakacheza. Bukari, yaani ugali, ilipikwa kwenye masufuria ya kanisa. Ilikuwa sherehe kubwa kuliko zote ambazo kambi ilipata tangu kampuni ianguke, na mtu alipohisi furaha imezidi, Tshiela alipandisha sauti kidogo, watu wakakumbuka kusikitika.

Jumamosi ikapita. Vijana wa chama waliotumwa kuja kuitoa familia waliona matawi barabarani, wakavua kofia, wakaulizia kwa heshima kiongozi wao yuko wapi. Wakaambiwa amekwenda kuchota maji. Banza alirudi na bidoni mbili, amelowa, akawaambia wenzake wasisimame kama nguzo, kuni zinaisha. Hakuna mtu anayetoa watu kwenye nyumba yenye kilio. Hata wale walioandika amri, kama walikuwa na mama, walilijua hilo.

Umaarufu, hata hivyo, una miguu. Habari za tiva wa mwisho zilifika mjini, kwa mkubwa wa chama, mtu mwenye tumbo la heshima na gari lenye bendera, naye akaona hapa kuna hotuba ya bure. Alifika mchana, watu wamejaa. Alisimama mbele ya sahani iliyofunikwa kitambaa cha lesi, akasema maneno mazito. Alimwita marehemu mtoto halisi wa jimbo, ambaye hakuwahi kuruka kwenda kwingine kutafuta maisha, shahidi, mzalendo aliyejitolea maisha yake yote kula bilulu. Hapo alitegemea makofi. Watu walitazama miguu yao, kwa sababu waliokaa mkeka mmoja tangu juzi hawakujua tena ni nani angempigia makofi nani.

Mkubwa akabadilisha sauti. Akauliza ni nani aliyemuua ndege huyu. Maana kuua tiva wa mwisho wa jimbo, alisema, ni kuua jimbo lenyewe, na msaliti wa namna hiyo atafutwe mpaka ndani ya mashimo.

Banza alikuwa amesimama nyuma na bidoni ya maji. Maji yakaanza kumwagika juu ya viatu vyake na hakuyaona. Ndani ya shati manati yalimchoma kifuani kama kaa la moto. Tshiela alimwona. Alimwacha vile kwa muda wa kutosha mtu kukumbuka dhambi zake kwa mpangilio, kisha akainua kichwa.

"Alikufa na mawazo, tata."

Mkubwa aliinamisha kichwa. Mawazo, kila mtu alijua, yalikuwa yameua wengi mwaka ule.

Na hapo hapo, juu ya avoka, ikasikika kengele ya chini ya maji. Mluzi mnene, wa dume mwenye afya, na kabla haujaisha jike amejibu "kwee", kwa furaha isiyo na aibu. Majani yakatikisika. Tiva mweusi mgongoni na mweupe tumboni akajitokeza kwenye tawi mbele ya umati mzima, akajikuna, akapiga tena.

Omer alishika ukuta. Mama Fidélie alianza rozari. Mkubwa wa chama aligeuka polepole, akasema kwamba yeye aliambiwa marehemu alikuwa wa mwisho katika Kolwezi yote.

"Ule ni mudogo yake," Tshiela alisema, bila hata kutazama juu. "Ametoka Kasaji, humu mu jimbo. Amekuja kurizi mujane."

Umati ukapumua. Bila shaka. Kaka akifa, mdogo anakuja kumchukua mjane. Ni nani asiyejua? Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja alilalamika kuwa amechelewa, angefika siku ya kwanza. Mkubwa wa chama aliguswa mpaka akatoa leso. Oneni, aliwaambia watu, hata ndege wa kwetu hawajaacha mila. Kisha, kwa moyo uliojaa, akamgeukia mwenye msiba na kumwuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiomba lisije.

"Na weye, mama, ni wa wapi?"

Jina la Tshiela ni la Kasai, akilitaja, limesema. Wale walioketi naye walijua, na kila mmoja alisubiri mwingine. Sauti iliyotoka ilitoka nyuma, ya mtu mwenye viatu vilivyolowa.

"Ni wa hapa," Banza alisema. "Ni mama yetu. Njo alimulilia tata yangu."

"Ni wa hapa," Mama Fidélie akadakia, na mikeka yote ikaitikia, kwa mpangilio kama kwaya, kwamba ni wa hapa, ni wa hapa kabisa, angekuwa wa wapi.

Mkubwa alikuwa ameshalia hadharani. Asingeweza kuyarudisha machozi. Akatangaza kwamba nyumba hii ni ya kumbukumbu, isiguswe na mtu, na akamteua kijana mzalendo aliyemwona amesimama na bidoni kuwa mlinzi wake. Ndivyo kiongozi wa kuwatoa watu wa Kasai alivyoajiriwa kulinda nyumba ya watu wa Kasai, bila mshahara, kama kila mtu.

Joyeuse hakungoja mwisho wa hotuba. Alitoa mlio mmoja kutoka chumbani, si wa msiba, na Mama Fidélie akatupa rozari na kukimbia. Mkubwa wa chama alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Wanawake walijaza mlango, wanaume walisogea upande wa moto wakijifanya kuzungumza habari za mpira, na kwaya, isiyojua ishike wimbo gani, iliendelea kwa sauti ya chini na nyimbo za maombolezo zilizokuwa zikienda mbio zaidi na zaidi. Jua lilikuwa bado juu wakati sauti mpya ilipopenya dirishani. Ilianza chini, ikabadilisha gia, ikapinda kona. Mbwa walikaa kitako. Watu wakatazamana, wakaanza kucheka, kisha wakapiga vigelegele mpaka tiva wawili wakahama mti.

Alikuwa msichana. Alizaliwa juu ya kitanda. Gradi alifika mbio kutoka stesheni amebeba godoro kichwani, kwa kuwa hakuna mjinga wa kuliacha, akacheza nalo uani mpaka godoro likapasuka. Waliomlilia Kapita walibaki kumshangilia mtoto. Masufuria yalikuwa tayari, munkoyo ulikuwepo, ingekuwa ni upotevu kurudi nyumbani.

Magari ya moshi yaliendelea kuondoka. Yaliwachukua wengi waliokuwa wamekaa kwenye mikeka ile, na Tshiela alikwenda stesheni kuwasindikiza, na huko alilia kwa sauti ambayo waliomo ndani ya mabehewa waliendelea kuisikia hata walipokuwa hawaoni tena mji. Yeye, Joyeuse, mtoto na Gradi walibaki. Omer alibaki pia, akawa mtaalamu wa ndege wa kambi, akiulizwa hata habari za kuku.

Na Banza alilinda. Alikaa langoni kila siku, kofia imemkaa vizuri zaidi kwa sababu kichwa kilikuwa kimeinama. Hakula vizuri. Mama yake alimpeleka kwa mganga, wakaambiwa hana ugonjwa. Asubuhi moja alisogea mpaka kwenye jiko, ambapo Tshiela alikuwa akikaanga mandazi na mjukuu mgongoni, akavua kofia, akapiga goti kwenye majivu. Alisema hajalala. Alisema kila akifumba macho anamwona Kapita anaanguka. Alisema alikuwa kijana mjinga mwenye manati, na sasa kiumbe ambacho Mungu alikiumba siku ile moja na malaika hakitaonekana tena Kolwezi, ukimtoa yule mgeni wa Kasaji, hata dunia iishe, kwa sababu ya mkono wake, huu hapa.

"Mama, batoto yangu nitabaambia nini? Kama tata yabo njo aliua tiva wa mwisho?"

Tshiela aligeuza mandazi upande wa pili.

"Tiva beko bengi, Banza."